Fremu ya Picha kwa Shosho: Chagua Inayowaka Yenyewe Stima Ikirudi

Katika mtaa wa Dallas mjini Embu, na katika vijiji vinavyopanda kutoka mjini kuelekea Manyatta na Kianjokoma, kuna wazee wengi ambao watoto wao wametawanyika. Mmoja yuko Nairobi, mwingine Mombasa, wa tatu yuko Dallas ile ya Texas, ambako jamii ya Wakenya ni kubwa. Wajukuu wanapigwa picha kila siku, na picha hizo hazimfikii shosho. Zinaishia kwenye kundi la WhatsApp la familia, na yeye hayumo, kwa kuwa simu yake ni mulika mwizi: ya kupiga, kupokea na kutoa pesa za M-Pesa.

Kisha siku inafika anafariki. Kamati ya matanga inaketi, watu wanaombwa watume picha za kijitabu cha mazishi, na ndani ya siku chache zinajitokeza picha ambazo marehemu mwenyewe hakuwahi kuziona. Kijitabu kinachapishwa kwa rangi na kinapendeza. Naamini kazi hiyo ya kukusanya picha inafaa kufanywa shosho akiwa hai, ameketi kwenye kiti chake. Kifaa cha kumwonyeshea kipo, nacho si kigumu kukitumia mradi ukichague kwa makini.

Kifaa chenyewe ni fremu ya kidijitali: skrini ndogo iliyotiwa ndani ya fremu kama ile ya picha ya kawaida. Sokoni ziko za namna mbili. Ya kwanza huunganishwa na intaneti, na picha hutumwa kutoka kwa simu ya mtu aliye mbali. Ya pili haina haja ya intaneti. Unachomeka kadi ya memori au flashi yenye picha, unaiunganisha na stima, nayo inaonyesha picha moja baada ya nyingine. Kwa wazee wengi wa Embu na Meru nashauri hii ya pili.

Kipimo changu cha kuchagua ni kimoja: mzee asitakiwe kufanya chochote. Asibonyeze, asiguse skrini, asichague lugha, asiulizwe kama anakubali masharti. Akiamka asubuhi akute picha zinapita. Akilala, fremu izime. Kila sifa nyingine utakayosifiwa dukani, iwe muziki, kalenda, hali ya hewa au saa ya kengele, ipime kwa swali hilo. Ikiwa inamwongezea mzee jambo la kufanya, au jambo linaloweza kuharibika akiwa peke yake, ni heri isiwepo.

Angalia mikono. Mikono iliyochuma majani chai na kahawa miaka hamsini ina ngozi kavu yenye sugu. Skrini ya kugusa hufanya kazi kwa kuhisi umeme mdogo wa kidole, na kidole cha namna hiyo mara nyingi haikihisi. Shosho anagusa, hakuna kinachotokea. Anagusa kwa nguvu, anakawiza kidole, na ghafla menyu inafunguka na picha ya mjukuu inatoweka. Hajui amefanya nini wala atarudije. Likimpata hilo mara mbili, ataanza kukikwepa kifaa, na atamwambia kila mgeni asikiguse kwa kuwa ni cha kuharibika upesi. Kwa hiyo tafuta fremu isiyo ya kugusa, yenye vitufe nyuma au rimoti. Ukimaliza kuipanga, rimoti ifunge kwenye bahasha, iandike jina, umkabidhi mtu mmoja nyumbani humo. Isibaki mezani.

Kwa nini bila intaneti

Sababu ya kwanza ni ya wazi: nyumba nyingi za wazee hazina intaneti. Iliyopo ni bando la simu ya mjukuu, na mjukuu akirudi chuoni bando linaenda naye. Fremu iliyonunuliwa kwa ajili ya waifai inabaki ikionyesha picha zile zile za mwanzo, au mbaya zaidi, maandishi ya Kiingereza yanayosema haijaunganishwa. Mzee huyaona maandishi hayo kila siku na kudhani kosa ni lake.

Sababu ya pili ni kwamba fremu ya intaneti hutegemea kampuni iliyo mbali iendelee kuwepo. Mwaka 2011 huduma ya Marekani iliyoitwa FrameChannel, iliyokuwa ikirusha picha kwenye fremu za makampuni kadhaa, ilifungwa, na waliokuwa wakiitegemea wakabaki na fremu zilizopoteza kazi hiyo. Kadi ya memori haina wa kuifungia huduma.

Sababu ya tatu ni usalama. Novemba 2025 watafiti wa kampuni ya Quokka walieleza kwamba baadhi ya fremu zinazotumia programu ya Uhale hupakua programu hasidi mara tu zinapowashwa, bila mwenyewe kujua. Fremu isiyo na waifai haina mlango huo. Lakini haina kinga kamili. Januari 2008 ilibainika kwamba baadhi ya fremu za Insignia za inchi 10.4, zilizouzwa na Best Buy huko Marekani, zilitoka kiwandani na kirusi, na kirusi hicho kiliweza kuingia kwenye kompyuta iliyounganishwa na fremu kwa waya. Funzo lake ni rahisi kulifuata: usiunganishe fremu na kompyuta. Toa kadi, jaza picha kwenye kadi, rudisha kadi.

Ukikuta fremu nzuri yenye waifai ambayo pia husoma kadi, unaweza kuinunua, ila hakikisha inaonyesha picha za kadi bila kudai kwanza ifunguliwe akaunti. Zipo zinazogoma kabisa hadi ziunganishwe. Muulize muuzaji swali hilo hilo, kisha mwambie akuonyeshe.

Stima ndiyo mtihani wenyewe

Mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yako kwenye Mto Tana, mpakani mwa Kaunti ya Embu, na yanazalisha sehemu kubwa ya umeme wa maji wa nchi hii. Hata hivyo hakuna mkazi wa Embu au Meru asiyejua stima kupotea, hasa mvua kubwa ikinyesha. Ni hapa fremu nyingi hushindwa, na maelezo ya kwenye boksi hayakwambii.

Fremu nyingi za bei nafuu hazina betri. Stima ikipotea, zinazima. Stima ikirudi, kuna zinazowaka na kuendelea na picha, kuna zinazowaka na kusimama kwenye menyu zikingoja mtu achague, na kuna zinazobaki zimezima hadi kitufe kibonyezwe. Kwa shosho anayeishi peke yake, ya pili na ya tatu ni fremu za siku moja. Stima itapotea Jumanne, na fremu itabaki nyeusi hadi mtu aje kumtembelea.

Jaribio lake linachukua dakika mbili nalo linafanyika dukani. Omba fremu iwashwe ikiwa na kadi yenye picha. Zikianza kupita, chomoa waya kwenye soketi, hesabu hadi 20, rudisha. Usiguse kitufe chochote. Picha zikianza kupita zenyewe, una fremu. Zisipoanza, mwombe muuzaji atafute kwenye mipangilio kama kuna sehemu ya kuwaka yenyewe na kuanza picha yenyewe, kisha rudia jaribio. Ikishindwa tena, irudishe kwenye rafu, hata iwe nzuri kiasi gani. Kama unanunua mtandaoni, fanya jaribio hili siku inapofika, kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha.

Jambo la pili ni saa ya ndani. Fremu nyingi zina uwezo wa kuwaka saa 1 asubuhi na kuzima saa 3 usiku. Stima ikipotea, saa ya baadhi yao hurudi mwanzo, na fremu inaanza kumulika saa 8 za usiku chumbani mwa mtu anayejaribu kulala. Kwenye jaribio lako angalia kama saa imebaki sawa. Ikiwa imepotea, achana na ratiba ya fremu na ununue taima ya kuchomeka kwenye soketi, ile ya kuzungusha kwa mkono. Nayo husimama stima ikikatika, kwa hiyo huchelewa kwa muda ule stima ilipokuwa imepotea, lakini hairudi mwanzo.

Stima inaporudi huweza kurudi kwa nguvu isiyo ya kawaida. Kifaa cha kulinda televisheni, kinachouzwa katika maduka mengi ya vifaa vya umeme, kinalinda na fremu pia. Kama nyumba tayari inacho, chomeka fremu hapo hapo.

Wanaoleta fremu kutoka Marekani wasome maandishi madogo kwenye adapta. Kwao umeme ni volti 120, kwetu ni volti 240. Adapta ikiwa imeandikwa 100–240V haina shida, unahitaji tu plagi ya kugeuza, kwa kuwa yao ina meno mawili bapa na soketi zetu ni za meno matatu. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, usiichomeke. Itaungua, na huenda ikaunguza na kilicho karibu. Plagi ya kugeuza hulegea na kucheza kwenye soketi, basi kwa matumizi ya kila siku ni afadhali utafute adapta nyingine ya meno matatu yenye volti na ampea zile zile zilizoandikwa nyuma ya fremu.

Vijijini ambako nyumba inategemea sola, chagua fremu inayotumia volti 5 kwa waya wa USB kama wa chaja ya simu, kwa sababu mitambo mingi midogo ya sola ina tundu hilo. Usitarajie iwake kutwa. Fremu ya inchi 10 hutumia wati 5 hadi 10 hivi, na betri ndogo ya sola inahitajika pia kwa taa na simu. Saa tatu au nne za mchana jua likiwa kali zinatosha.

Kwa wanaotumia tokeni, hesabu ni ndogo. Fremu ya wati 8 ikiwaka saa 12 kwa siku haifiki yuniti 3 kwa mwezi mzima. Mweleze mzee jambo hilo waziwazi na mapema, kwa sababu asipoelezwa ataizima ili kuokoa stima, nawe utadhani hakuipenda. Na kama amepanga chumba katika mtaa kama Dallas, ambako pengine stima imejumuishwa kwenye kodi, mwambie mwenye nyumba ni kifaa gani na kinatumia kiasi gani. Wako wenye nyumba wanaokataza vifaa vya umeme kwa kuogopa koili na pasi, na mzee hafai kugombezwa kwa sababu ya zawadi yako.

Macho ya mzee

Inchi 10 ni ukubwa wa kutosha kwa fremu iliyo mezani karibu na kiti. Inchi 7 ni ndogo mno kwa macho yaliyochoka. Pikseli 1280 kwa 800 zinaonyesha sura vizuri; 1024 kwa 600 zinavumilika kwa mtu aliyeketi mita moja na nusu. La muhimu kuliko pikseli ni aina ya skrini. Ulizia skrini ya IPS. Hiyo huonekana vizuri hata ukiitazama kutoka pembeni au kutoka chini, na zile nyingine hugeuka nyeusi au hupauka ukihama kidogo. Usimwamini muuzaji wala boksi. Simama mbele ya fremu, kisha chuchumaa, kisha sogea hadi pembeni kabisa. Sura ya mtu ikibaki sura ya mtu, ni sawa.

Mwenye mtoto wa jicho husumbuliwa na mng'ao. Skrini inayong'aa kama kioo, ikielekea mlango ulio wazi, humwonyesha mlango tu. Kwake tafuta skrini isiyong'aa, na uiweke ikiwa imeupa ubavu mlango na dirisha. Mwanga wa fremu usiwe wa mwisho kabisa: mchana uwe wa kutosha, na kama fremu ina uwezo wa kupunguza mwanga jioni, utumie. Kama mzee analalamika kwamba picha zote zina ukungu, au anaona pembeni na katikati haoni, usinunue fremu kwanza. Mpeleke kliniki ya macho. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji, na pesa za fremu zitumike huko.

Umbo la skrini nalo lina maana. Simu nyingi hupiga picha za umbo la 4 kwa 3, na fremu nyingi ni pana kama televisheni. Fremu ikipangwa kujaza skrini nzima, hukata juu na chini, na kinachokatwa ni vichwa. Ipange ionyeshe picha nzima, hata kama pembeni patabaki weusi.

Kadi na mafaili

Nunua kadi ya GB 8, 16 au 32, si zaidi. Fremu nyingi za kawaida husoma mfumo uitwao FAT32, ambao ndio huwa kwenye kadi za hadi GB 32. Kadi za GB 64 na kuendelea hutoka zikiwa na mfumo mwingine, exFAT, na fremu huenda ikasema hakuna kadi. Tena kadi za barabarani zinazodai GB nyingi kwa bei ya kutupa mara nyingi ni bandia. Hupokea picha zote vizuri, kisha nusu hazifunguki.

Picha ziwe za JPEG. Hili huwatatiza ndugu walio ng'ambo wenye iPhone, kwa sababu tangu mwaka 2017 simu hizo huhifadhi picha kwa mtindo uitwao HEIC, na fremu za kawaida haziusomi. Unajaza kadi picha 80, fremu inaonyesha 12 zilizopigwa na watu wa Android. Aliye na iPhone anaweza kwenda kwenye mipangilio ya kamera na kuchagua mtindo unaokubalika na vifaa vingi. Picha zilizopitia WhatsApp zenyewe huwa zimeshageuzwa kuwa JPEG. Tunalalamika kwamba WhatsApp hupunguza ubora wa picha, na ni kweli, ila kwa skrini ya inchi 10 kinachobaki kinatosha. Usiwasumbue ndugu watume upya.

Kasoro nyingine hukera sana usipoijua. Simu ikishikwa wima, mara nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala na kuongeza alama ndani ya faili inayosema igeuzwe. Simu huisoma alama hiyo, fremu za bei nafuu huipuuza, na wajukuu wote wanaonekana wamelala ubavu. Dawa yake ni kuifungua kila picha ya namna hiyo kwenye simu, kuikata kidogo sana ukingoni na kuihifadhi upya. Mara nyingi ikishahifadhiwa upya inakuwa imegeuka kweli. Ukitaka zifuate mpangilio wako, yape mafaili majina ya namba, 001, 002, 003, na uzime sehemu ya kuchanganya picha ovyo.

Kadi ziwe mbili. Moja iko kwenye fremu Embu, nyingine iko Nairobi kwa yule mwana anayekusanya picha. Anayekwenda nyumbani Pasaka au Krismasi anabeba kadi mpya, anabadilisha, anarudi na ya zamani. Kadi ni nyepesi. Hata jirani anaweza kuibeba kwenye matatu. Na kazi ya kuichomeka haihitaji utaalamu, mradi umemwonyesha mtu wa pale nyumbani upande upi unatazama juu.

Picha zenyewe

Hapa ndipo wengi huharakisha, na hapa ndipo zawadi inapofaulu au kushindwa. Usimwage picha 3,000 za simu yako kwenye kadi. Chagua 60 hadi 100. Kila picha ikae dakika moja, au hata mbili, ili mzee apate kuitazama, kuitambua na kuiongelea. Zima mbwembwe za picha kuingia zikizunguka au kumomonyoka, kwa kuwa mtu aliyeanza kusahau anachanganyikiwa nazo. Zima sauti.

Sura ziwe kubwa. Picha ya mahafali yenye watu 40 mbele ya hema haimwambii shosho kitu. Ikate ubakishe mhitimu na mama yake. Weka vitu anavyovijua: ng'ombe, jiko jipya, kahawa iliyoiva, kaburi la mume wake likiwa limefagiliwa kama yeye mwenyewe ndiye aliyeomba alione, nyumba ya mwanawe aliyeko Texas kutoka nje na kutoka ndani, kwa kuwa wazee hutaka kujua mtoto wao analala wapi na anakula nini. Na kwa kuwa Waembu huwaita watoto majina ya babu na bibi zao, hakikisha wajukuu waliopewa jina lake wanapita mara kwa mara. Huyo si mjukuu tu, huyo ni yeye.

Kisha kuna picha za zamani, zile zilizotundikwa juu karibu na dari na zile zilizo kwenye bahasha pamoja na hati ya shamba. Wapo kina mama wa rika hilo ambao picha yao ya kwanza maishani ilikuwa ya kitambulisho, kwa kuwa wanawake walianza kusajiliwa baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1978. Picha hizo zipige kwa simu. Ipeleke picha karibu na mlango, kwenye mwanga wa mchana usio wa jua kali, ilaze mezani, zima mwako wa kamera, shika simu sambamba kabisa na picha. Programu ya bure ya PhotoScan, iliyotolewa na Google mwaka 2016, huondoa mng'ao kwa kuunganisha picha kadhaa. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu yake kwa sababu ya unyevu usiibandue. Rangi itabaki kwenye kioo. Ipige hivyo hivyo juu ya kioo, ukisogea kidogo hadi kivuli chako kipotee.

Ukiwa hapo mezani, washa kinasa sauti cha simu na uulize. “Shosho, huyu aliyeshika mwavuli ni nani?” “Huyo ni dada ya guka wako, aliolewa Nkubu.” Jina, kijiji, aliyeolewa wapi, nani alipiga picha. Andika siku hiyo hiyo. Maarifa haya hayako kwenye kadi yoyote, na kila mwaka unaopita wanaoyajua wanapungua.

Majina yakiandikwa chini ya picha humsaidia mzee ambaye kumbukumbu imeanza kulegea. Tumia programu ya kuhariri kwenye simu, weka utepe mweusi chini, herufi nyeupe kubwa, maneno machache: jina la mtoto na la mzazi wake. Andika kwa lugha anayoisoma, iwe Kiembu, Kimbeere, Kimeru au Kiswahili. Kama alisomea ngumbaru na kusoma kwake ni kwa polepole, hiyo ni sababu nyingine ya kuacha kila picha ikae dakika mbili. Kama hasomi, usiandike kitu.

Kuhusu marehemu, uliza kwanza. Kuna shosho atakayefurahi kumwona mumewe akiwa kijana wa suti pana, na kuna atakayelia kila picha ya mtoto aliyemzika ikipita, wala hatakuambia uiondoe. Muulize binti anayeishi naye. Na kwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, ambaye huenda akaanza kumtafuta marehemu nyumbani, ziache picha hizo nje ya kadi na umwonyeshe mwenyewe ukiwa umeketi kando yake.

Mahali pa kuiweka

Weka fremu pale anapoketi, kwa urefu wa macho yake akiwa ameketi. Usiitundike juu kama zile za zamani. Isiwe jikoni kwenye moshi wa kuni, wala chini ya dirisha linalovuja. Katika nyumba ya mtaani isionekane kutoka nje, kwa kuwa kwa mbali inafanana na tableti na inaweza kumletea mzee wezi. Waya upite ukutani, usikatize njia anayoipita usiku kwenda msalani. Mzee kuanguka ni jambo zito kuliko fremu zote duniani.

Ikiwa fremu haipatikani

Maduka mengi ya Embu na Meru hayaweki fremu hizi, na huenda ukaagiza Nairobi au mtandaoni. Kabla ya kuagiza, tazama kama nyumba ina televisheni bapa. Televisheni nyingi zilizonunuliwa tangu nchi ihamie matangazo ya dijitali mwaka 2015 zina tundu la USB, na hata ving'amuzi vingi vinalo. Flashi yenye picha 60 inaweza kuonyeshwa hapo leo jioni bila kununua kitu. Hasara yake ni kwamba mtu lazima ashike rimoti, na kwamba ikifika saa ya habari picha zinakatizwa. Kwa nyumba yenye kijana wa kusaidia, njia hii inatosha kabisa.

Tableti kuukuu nayo inaweza kugeuzwa fremu, lakini siipendekezi kwa mzee anayeishi peke yake. Betri yake ikikaa kwenye chaji mfululizo miezi mingi huweza kuvimba, na kila siku inaleta ujumbe wa kutaka kusasishwa.

Na pale ambapo stima haipo kabisa, nenda studio mjini utoe picha 12 za ukubwa wa A4, zitiwe plastiki, uzifunge kwa pete kama kalenda. Mzee atazifunua mwenyewe. Nyuma ya kila moja andika majina kwa kalamu ya wino usiofutika, na mwaka.

Ukishainunua fremu, usiipeleke nyumbani siku hiyo hiyo. Iwashe kwako wiki nzima ikiwa na kadi itakayotumika, ikate stima mara kadhaa kwa siku, angalia saa, tazama kama kuna picha iliyolala au isiyofunguka. Hifadhi risiti na kadi ya dhamana pamoja na boksi, nakala ya picha zote iwe kwenye kompyuta ya mmoja wenu na kwenye flashi ya mwingine, na nambari ya simu ya anayejua kuitengeneza ibandikwe nyuma ya fremu kwa herufi kubwa.